Kondoo wa Soko la Nairobi: Kuufuata Ugonjwa wa Kupe Tangu 1910

Mwaka 1910 Nairobi ilikuwa bado mji mchanga. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na katika muda wa miaka kumi kambi ya mafundi wa reli ikageuka makao makuu ya koloni, yenye askari, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi, vibarua na walowezi, na wote walitaka nyama. Nyama hiyo ilikuja kwa miguu. Kondoo na mbuzi waliswagwa kutoka kwa wafugaji wa mbali hadi sokoni, na waliofika walionekana wazima. Taabu ilianza baada ya kufika. Walipokaa siku chache kwenye malisho ya pembezoni mwa mji walishikwa na homa kali, wakaacha kula, wakatokwa na kamasi nzito, wakaharisha kinyesi chembamba kilichochanganyika na damu, wakafa. Kondoo wa wenyeji, waliozaliwa kwenye majani hayohayo, hawakuwa na neno.

Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kwa kuwa kondoo hapigi kelele anapokufa. Kwa mfugaji na daktari wa mifugo, uungwana huo ni mtihani mkubwa. Kondoo mgonjwa hujitenga na wenzake, huinamisha kichwa, huhema haraka haraka, na mara nyingi mwenyewe hushtuka wakati homa imekwisha kufanya kazi yake. Ndiyo maana historia ya kuyatambua maradhi ya kupe kwa kondoo ni historia ya watu waliolazimika kumsomea mnyama asiyesema.

Aliyepewa kazi ya kuutafuta ugonjwa wa soko la Nairobi ni Robert Eustace Montgomery, mchunguzi wa maradhi ya mifugo wa serikali ya kikoloni, aliyefanya kazi katika maabara ya Kabete, magharibi ya mji. Nimeifuata njia yake, kwenye maandishi na kwa miguu, kwa sababu naamini alichokifanya pale kina faida kwa kila anayefuga, anayenunua au anayemtibu kondoo katika Afrika Mashariki ya leo.

Kabla ya Kabete

Montgomery hakuanza na mikono mitupu. Mwaka 1888 daktari Victor Babes wa Romania alichunguza damu ya ng'ombe waliokuwa wakikojoa mkojo mwekundu, akaona vijidudu ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1892 akakuta vimelea vya namna hiyo kwenye damu ya kondoo waliokuwa wakiugua maradhi ambayo wachungaji wa Romania waliyaita cârceag. Mwaka uliofuata Starcovici alivipa vimelea hivyo jina la Babesia, kwa heshima ya mgunduzi wake, na kile cha kondoo kikaitwa Babesia ovis. Ilibaki kujua kinaingiaje mwilini. Mwaka 1903 Motas, naye wa Romania, alithibitisha kuwa kinaletwa na kupe aitwaye Rhipicephalus bursa.

Kupe alikwisha kutiwa hatiani Marekani kabla ya hapo. Theobald Smith na Fred Kilborne walitoa taarifa yao mwaka 1893 kuhusu homa ya Texas, iliyokuwa ikiwaua ng'ombe wa kaskazini kila walipochanganywa na ng'ombe wa kusini. Waliwatoa ng'ombe wa kusini kupe mmoja mmoja kwa mkono, wakawaweka pamoja na wa kaskazini, na wa kaskazini hawakuugua. Walipowaacha na kupe wao, maradhi yakaja. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kisayansi kwamba kupe hubeba kimelea kutoka mnyama hadi mnyama. Wafugaji wa Marekani walikuwa wamemtaja kupe kwa miaka mingi, na wasomi walikuwa wamelipuuza neno lao.

Mkondo huo ulifika pwani yetu mwaka 1897, Robert Koch alipokuja Dar es Salaam. Mjerumani huyu, aliyekwisha kugundua bakteria wa kifua kikuu, alichunguza damu ya ng'ombe akaona vimelea vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Akaamua kuwa ni vimelea vichanga vya homa ya Texas. Haikuwa hivyo. Miaka michache baadaye ng'ombe walipoanza kufa kwa wingi Rhodesia, Koch mwenyewe alikwenda Bulawayo mwaka 1903, na kutokana na kazi yake, ya Arnold Theiler na ya Charles Lounsbury, ikadhihirika kuwa vile vidogo vya Dar es Salaam vilikuwa vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa. Ndio tunaouita ndigana kali, na kupe wake ni yule wa rangi ya kahawia anayependa masikio.

Kisa cha Koch hakina budi kukumbukwa na kila anayeshika hadubini. Alikuwa na jicho zuri kuliko wengi wa zama zake, alikiona kimelea, na bado akautaja ugonjwa usio wenyewe.

Kioo kisicho na kitu

Kufikia mwaka 1910 njia ya kuchunguza damu ilikwisha kuwa ile tunayoitumia hadi leo. Rangi iliyotengenezwa na Gustav Giemsa mjini Hamburg ilikuwa imetangazwa mwaka 1904, na ndiyo ingali kwenye rafu za maabara zetu. Mtaalamu hunyoa kidogo manyoya ya ukingo wa sikio la kondoo, hupafuta, hudunga mshipa mdogo, na tone la kwanza hulitega kwenye kipande cha kioo, karibu na ncha. Kioo cha pili hushikwa kwa kukilaza kidogo, hurudishwa nyuma hadi kiguse tone, kisha husukumwa mbele kwa mkono mmoja usiosita. Damu hubaki imetandazwa, nzito mwanzoni na nyembamba mwishoni. Huanikwa hewani, huloweshwa kwenye methanoli ili ishike, hutiwa rangi ya Giemsa kwa nusu saa au zaidi, husuuzwa na kukaushwa. Ndipo huwekwa chini ya lenzi kubwa kuliko zote, pamoja na tone la mafuta.

Anayesoma kioo hicho hutafuta alama anazozijua. Babesia ovis hukaa viwiliwili karibu na ukingo wa chembe nyekundu, vimekutana kwa ncha na kuachana upande wa pili. Anaplasma, ambayo ni bakteria wa ndigana baridi, huonekana kama nukta ya zambarau iliyokoza. Theileria ni vidogo zaidi, vya duara au vya mkia, na kwa ndigana kali ya ng'ombe daktari hachoki hadi adunge pia tezi iliyovimba chini ya sikio, kwa kuwa kule ndiko kimelea huzaliana ndani ya chembe nyeupe.

Damu ya kondoo waliokufa baada ya kufika Nairobi haikuonyesha kimelea chochote ambacho kingeweza kubebeshwa mzigo huo. Angekuwa mtu mwepesi, Montgomery angeandika kuwa kondoo wamekufa kwa uchovu wa safari au kwa minyoo, akafunga jalada. Badala yake aliichukua damu ya kondoo mwenye homa akamdunga mzima, na mzima akaugua maradhi yaleyale. Kwa hiyo kisababishi kilikuwamo damuni, ijapokuwa hadubini haikukiona. Akawachukua kupe wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, akathibitisha kuwa wao ndio wanaouhamisha. Aliona pia kuwa kondoo aliyepona haugui tena.

Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1917, na kichwa chake kiliutaja ugonjwa huo kuwa ni uvimbe wa tumbo na matumbo ya kondoo na mbuzi unaoletwa na kupe katika Afrika Mashariki ya Kiingereza. Miaka ya 1930 Robert Daubney na J. R. Hudson, hapohapo Kabete, waliendeleza kazi hiyo na kuandika juu ya kirusi chake na kupe wengine wanaoweza kukibeba. Ulimwengu unaujua kwa jina la ugonjwa wa kondoo wa Nairobi.

Koch alikiona kimelea akakosea ugonjwa. Montgomery hakuona kitu akaupata. Tofauti yao haikuwa kwenye lenzi. Montgomery alishughulika na swali ambalo kioo hakiwezi kulijibu: kondoo huyu ametoka wapi, na amekula majani gani tangu alipofika?

Swali ambalo mfugaji alikwisha kulijibu

Siku hizi kondoo hawaingii Nairobi kwa miguu. Kwenye machinjio ya Kiamaiko, mashariki ya jiji, malori hushusha wanyama kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na Samburu. Wengi ni wale wa mwili mweupe na kichwa cheusi, kondoo wa nchi kavu ya kaskazini. Wanaochinjwa upesi hawana hadithi. Hadithi iko kwa wale wanaonunuliwa kaskazini na kupelekwa kunenepeshwa kwenye majani mabichi ya nyanda za juu.

Kupe wa kahawia anapenda mahali penye mvua ya kutosha, baridi kiasi na nyasi ndefu. Maisha yake yana hatua tatu baada ya yai, na kila hatua hutafuta mnyama wake, hunyonya damu, huanguka chini na kujibadili. Akinyonya damu yenye kirusi akiwa mchanga, hukibeba hadi ukubwani, na jike hukirithisha mayai yake. Kupe mzima aliyekosa mnyama anaweza kuvumilia njaa na kirusi chake kwa zaidi ya miaka 2. Malisho ambayo hayajakanyagwa na kondoo tangu mwaka jana bado si salama.

Mwanakondoo aliyezaliwa kwenye malisho hayo hupata kinga ya mama yake kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kupe wanapomng'ata angali na kinga hiyo, mwili wake hujifunza kujitetea bila kuugua sana. Kondoo wa nchi kavu hajapata somo hilo. Anaposhushwa kwenye lori, kupe wa kwanza anamtosha. Homa hupanda hadi nyuzi 41 na zaidi ndani ya siku chache, jike mwenye mimba huharibu mimba, na kati ya kondoo wageni wanaoambukizwa, wanaokufa wanaweza kupita nusu.

Wafugaji walilijua jambo hili kwa lugha yao kabla ya maabara ya Kabete kujengwa. Waliyagawa malisho kwa maradhi yake, wakajua ni bonde lipi la kupita upesi na ni kilima kipi cha kupumzisha mifugo. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai mkataba wa kuihama Laikipia na kwenda kusini, ili malisho yao yawe ya walowezi. Mwanahistoria Lotte Hughes, katika kitabu chake kuhusu uhamisho huo, ameonyesha jinsi wazee walivyoikumbuka Laikipia kuwa nchi yenye afya kwa mifugo, na kusini kuwa nchi ya kupe na ndigana. Wamaasai walikwenda mahakamani na mwaka 1913 wakashindwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na watu wa nje, ambayo mahakama haina mamlaka nayo. Ushahidi wao juu ya malisho haukupata wa kuupima. Basi katika miaka ileile ambayo serikali ilikuwa ikimlipa mtaalamu achunguze kwa nini mifugo iliyohamishwa inakufa, serikali hiyohiyo iliwahamisha watu na mifugo yao kwa nguvu. Hilo ni jeraha la historia yetu, na ni haki kulitaja kila tunapoisifu sayansi ya zama zile.

Mzoga mmoja, maswali manne

Kwenye boma moja upande wa Kajiado nilimkuta daktari wa mifugo akimpasua kondoo aliyekufa alfajiri. Kabla ya kuvaa glavu alimgeukia mwenye boma.

"Mzee, huyu amezaliwa hapa?"

"Hapana, daktari. Wale wekundu ndio wa hapa. Huyu wa kichwa cheusi nilimtoa Isiolo, wiki iliyopita, na wenzake wanne."

"Na wale wekundu wanakula?"

"Wanakula vizuri. Hakuna hata mmoja anayekohoa."

Daktari alitikisa kichwa, akalifunua sikio la mzoga. Ndani, kwenye ngozi laini, kupe wa kahawia walikuwa wamejipanga, majike yamejaa damu hadi kupoteza umbo. Alipofungua tumbo, tezi za matumbo zilikuwa zimevimba na kulowa, kibofu cha nyongo kimetanuka, na ukuta wa ndani wa utumbo mpana ulikuwa na michirizi ya damu iliyofuata mikunjo yake. Alikata kipande cha bandama na tezi mbili, akaviweka kwenye chupa safi na kuzilaza katika barafu. Kisha akaenda kwa wenzake wanne waliobaki, akawapima homa, na wawili waliokutwa moto akawatoa damu.

Hakulitaja jina la ugonjwa. Alimweleza mzee kuwa dalili hizo hufanana na za maradhi mengine. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, nayo huharisha na kutoa kamasi, lakini huacha vidonda mdomoni na huwashika hata waliozaliwa hapo. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo Daubney, Hudson na Garnham waliieleza mwaka 1931 baada ya wanakondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, huletwa na mbu, huharibu ini na humwambukiza binadamu anayeshika mzoga ovyo. Maji moyo, ugonjwa mwingine wa kupe, hujaza maji kwenye mfuko wa moyo, na ushahidi wake hutafutwa kwenye ubongo. Kila moja lina dawa yake au halina kabisa. Oksitetrasaiklini humsaidia kondoo wa maji moyo au ndigana baridi. Kwa kirusi cha Nairobi haifanyi lolote, na mpaka sasa hakuna tiba yake mahususi.

Hapo ndipo makosa ya kila siku yanapotokea. Damu ya kondoo wazima wa Afrika Mashariki mara nyingi ina Anaplasma au Theileria za upole, ambazo mnyama ameishi nazo tangu utoto bila kudhurika. Kondoo wa aina hiyo akifa kwa kirusi, kioo chake kitaonyesha vimelea, na anayesoma kwa haraka atavilaumu vimelea, ataandika dawa ya vimelea, na kundi litaendelea kufa. Kosa la Koch linaweza kurudiwa leo asubuhi na mtu yeyote mwenye hadubini nzuri. Kipimo cha PCR kimeongeza uwezo wa kuona, kwani hukitambua kirusi au kimelea hata kikiwa kichache mno. Lakini nacho husema tu kilichomo mwilini. Kuamua kilichoua ni kazi ya kuunganisha kipimo, mzoga na historia ya safari.

Njia imevuka bahari

Ugonjwa uliofunguliwa jalada Nairobi haukubaki Nairobi. Mwaka 1954 kirusi kilipatikana kwa kupe wa mbuzi katika wilaya ya Ganjam, India, kikaitwa kwa jina la wilaya hiyo, na baadaye wataalamu wakatambua kuwa ni kilekile cha Kabete. Somalia imewahi kupata mlipuko, na huko mbebaji ni kupe wa nchi kavu, Rhipicephalus pulchellus, jambo linalotuonya tusidhani ukame pekee ni ngao. Kupe waliokusanywa China mwaka 2013 nao wamekutwa na chembechembe zake.

Na ukivuka kwenda Sudan, Iran au Oman, swali hubadilika tena. Huko kondoo hufa kwa Theileria lestoquardi, kimelea cha kweli, kinachoonekana kwenye damu na kwenye tezi, kinacholetwa na kupe wa jamii ya Hyalomma. Daktari aliyezoea Kajiado akienda Oman na majibu yake ya nyumbani atapotea, na wa Oman akija Kajiado vilevile.

Kwa hiyo neno langu ni kwa watu watatu. Wewe mfugaji, unaponunua kondoo kutoka nchi kavu, watenge, wapeleke joshoni au wapulizie dawa ya kupe siku ya kwanza, wachunguze masikio kila siku, na andika walikotoka na siku waliyofika. Akifa mmoja, usimtupe kwa mbwa na usimchinje kwa siri: mwite daktari mzoga ungali mbichi. Wewe afisa mifugo, chukua damu wakati homa iko juu, peleka bandama na tezi katika barafu, na kwenye fomu ya maabara usiliache tupu lile pengo la asili ya mnyama, kwa maana msomaji wa kioo anakutegemea. Na ninyi mnaopanga bajeti za wizara na kaunti, maabara bila gari la kufika bomani hupokea vipande vilivyooza na hutoa majibu yasiyomfaa mtu. Montgomery aliupata ugonjwa asiouona kwa sababu kondoo walikuwa mlangoni pake na njia waliyopita ilijulikana. Tuwape wataalamu wetu nafasi hiyohiyo, na tuwaulize wafugaji kabla ya kufungua sanduku la dawa.